Mguu wa mtoto si bei ya kombe

Maneno yaliyosomwa kwa jina la vijana wa harakati ya raia, Obokote, Kindu, mbele ya wazazi, walimu na wachezaji



Wazazi wetu, wakubwa wa shule ambao mumekubali kufika, walimu, waamuzi wa mechi, na nyinyi wadogo wetu wachezaji: asanteni kwa kuja. Tunajua kuna mamama waliofunga biashara sokoni ili wawe hapa, na kuna wengine wametoka shamba moja kwa moja. Hatutawashikilia sana.

Wakati tulikuwa tunazungusha habari ya mkutano huu, kuna watu walicheka. Banasema: "Vijana, muko munadai maji, muko munadai umeme, muko munadai barabara, sasa munaingia hata mu mambo ya mpira?" Ndiyo, tunaingia. Mtoto akivunjika mguu mbele ya watu mia tano, na kesho yake hakuna hata mtu mmoja anayeulizwa ilikuwa namna gani, ile si mambo ya mpira peke yake. Ni mambo ya raia, sawa vile maji na barabara.

Tunaleta neno moja. Mtoto wa miaka 13 akipangwa kucheza na mtu mzima wa miaka 21, na akitoka uwanjani amebebwa, tusiite ile ajali. Wazee wetu walisema ajali haina kinga, na walisema kweli. Lakini mechi iko na mwenye kuipanga. Kuna mtu aliandika barua ya kualika. Kuna mtu alichagua siku. Kuna mtu alipokea faranga za kuandikisha ekipe. Kuna mtu aliwaona wale watoto na wale wanaume wamesimama wameangaliana, akapiga filimbi. Wote wale walikuwa na nafasi ya kusema hapana, na hawakusema.

MECHI ZETU ZINAPANGWA NAMNA GANI

Kila mtu hapa anajua. Kuna shule kubwa zenye humanite zote mpaka finalisti. Kuna shule ndogo zenye mwaka wa 7 na wa 8 tu, pengine na mwaka wa 1 wa humanite. Kombe inakuwa moja kwa wote. Siku ya kuandikisha wanauliza: muko na nguo za mpira? Mumelipa? Kapiteni ni nani? Swali la umri halitoki. Na kama linatoka, linajibiwa kwa mdomo.

Hapa tuseme wazi kitu kimoja, juu tusimwaibishe mtu. Kuwa na miaka 21 au 22 na bado uko kwenye banki ya masomo si aibu. Sisi watu wa Maniema tunajua sababu. Kuna aliyeanza masomo kwa kuchelewa juu wazazi walikuwa wamekimbia vita. Kuna aliyeacha darasa akaenda machimbo ya Kalima, Punia ao Namoya, kisha akarudi. Katiba ya 2006, artikle ya 43, inasema masomo ya msingi katika shule za serikali ni bila malipo. Lakini ile ilianza kutendeka kweli mwezi wa 9 mwaka 2019. Mbele ya pale, mtoto alikuwa anafukuzwa juu ya faranga, anakaa nyumbani mwaka mmoja, anarudi, anafukuzwa tena. Ndiyo maana darasa moja linaweza kuwa na mtoto wa miaka 14 na mtu wa kuoa. Kwenye daftari haileti shida. Kwenye uwanja inavunja mifupa.

Juu ya pale, kuna wale tunaita mersenere. Siku ya fainali shule inawakumbuka vijana wa inje: mchezaji wa ekipe ya kartie, mtu aliyemaliza masomo zamani, hata wenzetu wenye diplome ya iniversite ambao hawana kazi, kama wengi wetu tunaosimama hapa. Anapewa karte ya mwanafunzi yenye jina la mwingine, faranga kidogo na kinywaji. Ukosefu wa kazi unaeleza juu ya nini kijana yule anakubali. Haielezi juu ya nini mkubwa wa shule anamwita.

KUPITWA MCHEZO NA KUPITWA MWILI

Kuna wenye kutuambia: "Mpira ni vile, kila siku kuna mwenye nguvu na kuna mwenye kushindwa." Tutofautishe vitu viwili.

Kuna kupitwa mchezo. Tarehe 18 mwezi wa 6 mwaka 1974, kule Gelsenkirchen, Ujerumani, ekipe yetu ya taifa, wakati ule Zaire, ilifungwa na Yugoslavia mabao 9 kwa 0 katika Kombe la Dunia. Mpaka leo wazee wakikumbuka wanainamisha kichwa. Lakini walikuwa watu wazima kwa watu wazima. Msimu wa 2024-2025, Maniema Union yetu, ekipe iliyozaliwa hapa Kindu mwaka 2005, ilifika kwenye makundi ya Ligi ya Mabingwa wa Afrika, ikakutana na Mamelodi Sundowns, Raja Casablanca na AS FAR. Wale wako na makuta kutupita mara nyingi. Hakuna mtu alisema Maniema Union isicheze. Tulifurahi, tulijivunia. Kukutana na mwenye kukupita mchezo kunafundisha.

Kupitwa mwili ni jambo lingine. Munakumbuka pigano la Kinshasa, tarehe 30 mwezi wa 10 mwaka 1974, Muhammad Ali na George Foreman. Watu wanasimulia ngumi, wanasimulia kelele za uwanja. Wanasahau kwamba mbele ya pigano wote wawili walipandishwa kwenye mizani. Mmoja alikuwa na kilo karibu 98, mwingine karibu 100. Hata katika mchezo ambao kazi yake ni kupigana, hakuna mtu anayeweka mwanaume wa kilo 75 mbele ya mtoto wa kilo 40. Lakini sisi tunafanya vile katika mchezo ambao watu wanakimbiana kwa mbio zote, mguu kwa mguu, kichwa kwa kichwa, kwenye uwanja ambao kiangazi kikifika udongo wake unakuwa mgumu sawa vile sima.

Na mwili wa mtoto si mwili wa mtu mzima uliopunguzwa. Karibu na ncha za mifupa yake kuna sehemu laini, ndiyo inayokua na kurefusha mguu. Sehemu ile ikiumia vibaya, mguu unaweza kukua umepinda, ao ukabaki mfupi kuliko mwenzake. Mtu mzima akivunjika anaponya mfupa. Mtoto akivunjika pale, anabeba mechi ile mpaka uzee.

TULIYOYAONA

Tunaleta mambo mawili tuliyoyaona kwa macho yetu. Majina hatutaji, ya watoto wala ya shule, juu hatukuja hapa kusemana.

La kwanza. Ekipe ya mwaka wa 7 na wa 8 ilipangwa na shule yenye finalisti. Mwalimu wao aliomba mechi iahirishwe. Aliambiwa: musipokuja, mutahesabiwa mumeshindwa na faranga zenu hazirudi. Wakaja. Ilikuwa 6 kwa 0 wakati kijana mmoja wa miaka 14 alienda kufunga njia ya mshambuliaji ambaye tayari yuko na ndevu. Tulisikia ule mfupa tukiwa kandokando ya mustari. Mifupa yote miwili ya chini ya goti. Mwamuzi aliomba watu wamtoe, kisha mechi ikaendelea. Bao la 7 liliingia wakati mtoto bado yuko chini ya mti wa embe, anaita mama yake.

Hakukuwa kitu cha kumbebea. Alipakizwa kwenye pikipiki, katikati ya dereva na rafiki yake, mguu unaning'inia. Wa kwanza kumpokea alikuwa mtu wa kunyoosha mifupa, juu yeye anakubali kulipwa polepole. Akafunga miti ya mwanzi, akakaza. Usiku vidole vya mguu vilikuwa baridi na mtoto hasikii tena mtu akimgusa. Asubuhi ndiyo wakamkimbiza hospitali. Mama yake alikuwa na mchele na mafuta ya mawese ya kuuza: vyote vilienda kwa picha ya radio, dawa na plasta. Hospitali ilipomaliza kazi yake, mtoto alibaki pale siku nyingi tena, juu fakture ilikuwa haijalipwa. Mwaka wa masomo ukapotea. Kombe iko kwenye ofisi ya shule ile ingine, inaangaza.

La pili ni la kimya zaidi. Golikipa wa miaka 15 alitoka kuchukua mpira, goti la mtu mzima likamkuta kwenye paji la uso. Alilala kidogo. Wakamwagia maji, akaamka, watu wakapiga makofi: "Huyu ni mwanaume!" Akamaliza mechi. Kufika nyumbani akatapika, akalala, asubuhi hakumbuki walicheza na nani. Leo anatembea, anacheka, ukimwona utasema hana kitu. Lakini mwalimu wake anasema hasomi tena vile alikuwa anasoma, kichwa kinamuuma mbele ya ukurasa kuisha. Hakuna aliyeandika fasi yoyote kwamba mtoto huyu aliumia.

MAJIBU TUNAYOSIKIA

Tukiuliza, tunapata majibu ya namna hii.

"Ilikuwa mapenzi ya Mungu." Sisi pia tunamwamini Mungu, kanisani na msikitini. Lakini Mungu hakuandika ile barua ya kualika.

"Ilikuwa dawa ya ekipe ingine." Tunaheshimu kila mtu na imani yake. Ila hatuhitaji dawa kueleza namna kilo 75 zinavunja mguu wa mtoto wa kilo 40. Na wakati tunatafuta mchawi, aliyepanga mechi anaenda nyumbani na amani.

"Mpira ni wa wanaume." Kweli, wanaume wacheze na wanaume. Mtoto mwachie utoto wake, miaka yake ya kuwa mwanaume inakuja.

"Mukiwatenga, wadogo watajifunzia wapi?" Hili ni swali zuri na tunalijibu kwa heshima. Watajifunza kwa mazoezi, wakubwa wakiwafundisha bila kugombania kombe. Watajifunza kwa mechi na wa umri wao, ambao wanaweza kuwanyang'anya mpira, wakaona faida ya akili. Mtoto anayeingia na woga wa kuvunjwa hajifunzi kupiga pasi, anajifunza kukimbia mpira.

"Makuta hakuna." Kuchagua nani anacheza na nani haiombi hata faranga moja.

WENGINE WALIFANYA NAMNA GANI

Hatuko watu wa kwanza duniani kuona mambo haya. Mwaka 1905 kule Marekani, iniversite na shule zao zilikuwa zinacheza mpira wao ule wa kubeba mikononi, bila kinga ya kichwa, watu wanarundikana juu ya mtu mmoja. Mwaka ule peke yake vijana karibu 20 walikufa katika mchezo. Rais Theodore Roosevelt, ambaye mwenyewe alikuwa anapenda mchezo ule, aliita mwezi wa 10 wakubwa wa mpira wa Harvard, Yale na Princeton. Mwisho wa mwaka, iniversite zaidi ya 60 zikakutana New York. Mwaka 1906 kanuni zikabadilishwa, na ukazaliwa muungano wa kuzisimamia. Mchezo haukufa. Mpaka leo viwanja vyao vinajaa. Kilichoisha ni ile tabia ya kusema kifo cha mwanafunzi ni sehemu ya mchezo.

New Zealand wanapenda rugby sawa vile sisi tunapenda mpira. Katika mji wa Auckland, ekipe nyingi za watoto zinapangwa kwa umri na kwa kilo. Mtoto anapanda kwenye mizani, jina linaandikwa, anawekwa na wenzake. Mizani kama ile ya kupima watoto wachanga na ya kupima mchele iko hata hapa Kindu.

Na FIFA, tangu Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 mwaka 2009 kule Nigeria, wanapiga picha ya mfupa wa kifundo cha mkono kwa mashini kubwa ili kujua nani amedanganya umri. Sisi hatuombi mashini ile. Sisi tuko na kitu ambacho FIFA hawana: tunajuana. Mwalimu anajua nani alifanya TENAFEP mwaka gani. Rejista ya shule iko kwenye kabati. Tunaomba tu kabati lifunguliwe.

SHERIA INASEMA NINI

Wakubwa wa shule, tunawaambia haya kwa heshima, juu pengine hakuna aliyewaambia.

Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 mwezi wa 1 mwaka 2009, ya ulinzi wa mtoto, inasema mtoto ni kila mtu ambaye hajatimiza miaka 18. Hata kama ni mrefu. Hata kama ni mfungaji bora.

Kitabu cha tatu cha sheria zetu za kiraia, kile cha dekreti ya tarehe 30 mwezi wa 7 mwaka 1888, kingali na nguvu mpaka leo. Artikle ya 258 inamlazimisha mtu aliyeleta hasara kwa kosa lake airudishe. Artikle ya 260 inataja mpaka walimu: wanajibu juu ya hasara ambayo wanafunzi wao wanaleta wakati wako chini ya ulinzi wao. Mechi ya shule, mbele ya mwalimu wa shule, kwa jina la shule: watoto wale wako chini ya ulinzi wa nani, kama si wa shule?

Kanuni za mpira zenyewe hazisemi tofauti. Kanuni ya 4 inalazimisha kinga ya ugoko kwa kila mchezaji. Hapa kwetu tunaona watoto wanaweka karatasi ya karto ndani ya soksi, na wengine soksi yenyewe hawana. Kanuni ya 5 inampa mwamuzi uwezo wa kusimamisha mechi mtu akiumia vibaya, na hata kuikatisha. Na kanuni zinaruhusu mechi za vijana zibadilishwe: dakika zipunguzwe, uwanja upunguzwe, mpira uwe mdogo, mchezaji aliyetoka aweze kurudi. Kwa hiyo tunachoomba kiko ndani ya mpira wenyewe.

TUNAOMBA NINI

Mbele mwaka wa masomo ujao uanze, mbele hata mechi moja ya shule ichezwe, tunaomba wakubwa wa shule, komite za wazazi, divizio ya elimu, divizio ya sport na ofisi ya meya wakae pamoja na waweke sahihi juu ya mambo saba.

Moja. Orodha ya wachezaji yenye miaka yao, imetoka kwenye rejista na si kwa mdomo, ipewe shule ingine siku tatu mbele ya mechi. Wazazi wawe na ruhusa ya kuiona.

Mbili. Makundi matatu: chini ya miaka 15, miaka 15 mpaka 17, na miaka 18 kwenda juu. Wale wakubwa wasinyimwe mpira. Wapewe kombe yao, nao ni wanafunzi.

Tatu. Shule itakayoleta mtu wa inje ipoteze mechi, na mkubwa wake ajibu kwa maandishi. Kijana aliyeitwa asipigwe wala asitukanwe.

Nne. Mwalimu anayekataa kuingiza watoto wake mbele ya watu wazima asihesabiwe ameshindwa, na faranga za shule yake zirudishwe.

Tano. Mechi isianze kama hakuna kitu cha kubebea mgonjwa, hata mbao mbili na turubai, mtu mmoja aliyefundishwa msaada wa kwanza, na faranga za pikipiki ao gari zimewekwa kando kutoka faranga za mlango. Mji wetu umekatwa na Lualaba. Kasuku na Mikelenge ziko upande mmoja, Alunguli iko ng'ambo. Mtoto akiumia upande ambao hospitali haiko, anangoja mtumbwi. Ile mtumbwi ijulikane mbele ya filimbi, si nyuma.

Sita. Asiransi. Wazazi wanajua kwamba kwenye orodha ya faranga za shule, miaka mingi, kumekuwa na mustari wa asiransi ya mwanafunzi. Tunaomba kila shule ibandike kwenye mlango: kama mustari ule ungali unalipwa, mkataba uko wapi, unalipia nini, na mzazi afanye namna gani kudai. Kama haulipwi tena, waseme, ili wazazi wajipange.

Saba. Daftari ya walioumia. Siku, fasi, umri wa aliyeumia, umri wa aliyegongana naye, walimpeleka wapi. Bila jina la mtoto. Bila daftari, kila mwaka tutasema "ni mmoja tu", na kila mwaka atakuwa ni wa kwanza.

YA KUFANYA TANGU LEO

Wakati tunangoja sahihi za wakubwa, kuna vitu ambavyo kila mtu hapa anaweza kubeba nyumbani.

Mguu umevunjika: usiuvute, usiunyooshe. Ufunge vile ulivyo, pamoja na mbao, kupita juu na chini ya fasi iliyovunjika, bila kukaza sana. Kisha angalia vidole. Vikiwa baridi, ao vimebadilika rangi, ao mtoto anasema hasikii, ao maumivu yanazidi, legeza mara moja na kimbia hospitali. Usingoje asubuhi. Watu wa kunyoosha mifupa tunawaheshimu, wengine wamesaidia wengi, lakini hata wao wajue: vidole baridi ni hatari ya kupoteza mguu.

Kichwa kimegongwa: mchezaji anatoka na harudi siku ile, hata akisema yuko sawa, hata kama ni fainali. Usimwache peke yake usiku ule. Akitapika, akichanganya maneno, akizidi kuumwa kichwa, akilala na kuamka ni shida, hospitali. Maji ya kumwagia hayaponyi ubongo.

Shingo inauma kisha kuanguka: asiguswe kichwa, asiinuliwe na watu wanne wanaovutana. Aachwe chini mpaka wapatikane watu wa kumbeba sawasawa juu ya mbao.

SISI TUTAFANYA NINI

Harakati yetu si chama cha politiki na hatutafuti kiti cha mtu. Tunaahidi vitu vinne. Kila mechi ya shule tunayoweza kufika, wawili kati yetu watakaa kando ya uwanja na daftari. Tutasaidia shule yoyote itakayotaka kupanga orodha ya umri, bila malipo. Tutatafuta watu wa Msalaba Mwekundu waje kufundisha walimu na makapiteni msaada wa kwanza, juu wanajua kazi ile. Na tarehe ya mechi za kwanza ikifika bila sahihi, tutakuja na mabango, tutakaa mbele ya uwanja kwa amani, mikono mitupu, na tutawaomba wazazi wakae pamoja nasi. Hatutarusha jiwe kwa mwamuzi. Hatutavunja kiti. Anayetaka kuvunja asijiite wetu.

Waamuzi, tunawageukia nyinyi kidogo. Tunajua munalipwa kidogo, na munatukanwa mingi. Munaogopa kukatisha mechi juu watu watawafuata njiani. Tunawaambia mbele ya wazazi hawa: siku mutakatisha mechi ili kumlinda mtoto, tutawasindikiza mpaka kwenu.

Wachezaji wakubwa, nyinyi wa miaka 20 na zaidi, tunajua munapenda mpira na munaota siku moja kuvaa rangi za Maniema Union. Mabao 7 mbele ya watoto hayawaonyeshi kwa mtu yeyote. Dai kombe yenu, tutadai pamoja nanyi.

Na wazazi. Muko na nguvu ambayo hakuna ofisi inaweza kuwapokonya: mtoto ni wenu. Siku ya mechi, muulizeni mwalimu swali moja tu: "Mtoto wangu anacheza na watu wa miaka mingapi?" Akikosa jibu, shika mkono wa mtoto, mukae pamoja kwenye kivuli, muangalie mpira. Wazazi kumi wakifanya vile siku moja, mechi ile haitachezwa, na wiki inayofuata orodha itapatikana.

Karatasi ya mambo saba iko hapa mezani. Anayejua kuandika aweke sahihi, asiyejua aweke kidole. Shule zitapelekewa kopi kesho asubuhi, na tutaomba muhuri wa kupokea.

 Tuko tayari kusikia maswali yenu, na wachezaji wadogo ndio waanze.